Farasi kijana mwenye pupa na kuruka viunzi: mwongozo kamili wa kujenga kujiamini

Farasi kijana anayekikimbilia kiunzi kwa nguvu huonekana jasiri, na wengi husifu kasi hiyo. Mtazame kwa makini. Kichwa kimeinuka, mgongo umekakamaa, mkia unapigwapigwa, na hatua yake ya mwisho kabla ya kuruka haina kipimo: leo anaondoka mbali mno, kesho karibu mno. Kiunzi kinamtia wasiwasi, naye anataka kimalizike upesi. Mpandaji juu yake anaogopa kasi ile, anakaza hatamu, lijamu (chuma cha kinywani) inauma, na farasi anaongeza mwendo ili ayaepuke maumivu. Wawili hao wanaweza kutiana hofu kwa miezi.

Mwongozo huu ni wa farasi wa miaka minne hadi saba ambaye tayari anapandwa vizuri katika mwendo wa kutembea, wa mchakamchaka na wa kenta (ule wa mapigo matatu, ulio chini ya shoti). Msimamo wetu ni kwamba anayemtuliza farasi huyu ni miti iliyopangwa kwa kipimo. Mkono wa mpandaji ukijaribu kufanya kazi hiyo, mara nyingi huiharibu.

Hakikisha kwanza haumwi

Kati ya miaka miwili na nusu na mitano farasi hubadilisha meno, na fizi huuma bila dalili ya nje. Wapo pia wenye vijino vidogo mbele ya magego ya juu, ambavyo lijamu huvigusa kila hatamu zinapokazwa. Farasi wa namna hiyo hurusha kichwa na kukimbia, nasi tukadhani ni mkaidi. Daktari wa mifugo akague kinywa kabla hujafikiria kununua lijamu kali zaidi.

Tandiko likaguliwe kila miezi mitatu, kwa sababu mwili wa farasi kijana hubadilika: lililomtosha Januari huweza kumbana Juni. Vidole viwili au vitatu vipite kwa urahisi kati ya upinde wa mbele wa tandiko na mfupa wa juu ya mabega, na ubaki uwazi kwenye uti wa mgongo kutoka mbele hadi nyuma. Farasi anayerusha miguu ya nyuma mara tu baada ya kutua anastahili kupimwa mgongo kabla ya kupewa adhabu. Kwato zipunguzwe kila wiki sita hadi nane.

Chakula kina mchango mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Farasi wa kilo 400 anahitaji majani makavu kilo 6 hadi 8 kwa siku, na nafaka kidogo tu ikiwa kazi yake ni nyepesi. Akishibishwa mahindi na shayiri kisha akafungiwa bandani saa ishirini, pupa unayoiona uwanjani imetoka kwenye ndoo ya chakula. Hapa pwani, Dar es Salaam, kuna hatari nyingine pia. Unyevu huotesha ukungu kwenye mahindi na pumba, na sumu ya aina fulani ya ukungu huo, fumonisini, huharibu ubongo wa farasi. Anayebadilika ghafla, akayumba, akagonga kuta au akasimama ameinamisha kichwa, hana pupa. Ni mgonjwa wa dharura. Pumba yenye harufu ya uvundo itupwe yote, hata kama ni gunia zima.

Umri nao uheshimiwe. Mifupa ya uti wa mgongo ndiyo huchelewa kukomaa kuliko yote, hadi karibu miaka mitano na nusu au sita. Kwa hiyo farasi wa miaka minne aruke siku moja kwa wiki, viunzi vya sentimita 40 hadi 70, na jumla ya mirusho kwa siku isizidi ishirini. Wa miaka sita anaweza kufanya siku mbili. Siku zinazobaki ni za kutembea nje, kazi ya duara bila kiunzi, na mapumziko ya kweli ya kuzurura malishoni.

Uliza pia alikotoka. Farasi aliyelelewa kwenye mashindano ya mbio, kama yale ya Ngong jijini Nairobi, amezoea kuegemea lijamu na kuongeza kasi hatamu zinapokazwa. Kwake kuvuta ni amri ya kukimbia, na anayempanda bila kulijua hilo hujikuta anaomba kasi ileile anayoiogopa.

Saa ya kufanyia kazi

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana Dar hufika nyuzi 31 au 32, na unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka mwilini. Jasho lisipokauka halipozi. Fanya kazi kuanzia saa 12 na nusu asubuhi na umalize kabla ya saa 2 na nusu, au anza saa 11 jioni. Miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma, ndiyo mizuri zaidi kwa kumwanzisha farasi mpya; usianze mpango huu katikati ya Februari.

Jifunze vipimo vya farasi wako akiwa ametulia: moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi ni 8 hadi 16, na joto la mwili huwa nyuzi 37.2 hadi 38.3. Dakika kumi hadi kumi na tano baada ya kazi moyo uwe umeshuka chini ya 60. Ukiona anahema sana huku ngozi ni kavu, simamisha kazi papo hapo. Kuna farasi ambao tezi zao za jasho huchoka katika nchi za joto na unyevu, wakaacha kutoa jasho kabisa, nao hushindwa kuruka kwa sababu mwili unachemka. Mmwagie maji mengi mfululizo mwili mzima, mweke kivulini penye upepo, na umuite daktari. Ile imani kwamba maji baridi humdhuru farasi aliyepata joto haina msingi.

Farasi mwenye joto la nyuzi 38.6 au zaidi kabla ya kazi asipandwe siku hiyo. Ukanda huu una homa ya kupe na homa ya farasi inayoenezwa na visubi, na kumkimbiza mwenye homa ni kumweka hatarini.

Uwanja na miti

Ardhi ya sehemu kubwa ya jiji ni mchanga, na mchanga mkavu wenye kina huvuta kano za miguu. Angalia alama: ukwato uache chapa iliyo wazi, lakini mchanga usipande juu ya ukingo wa ukwato. Ukiwa mlegevu sana, umwagilie jioni ya kuamkia siku ya kazi kisha uusawazishe kwa reki. Wakati wa masika kazi ya kuruka ihamie pale pasipotuama maji, au iahirishwe. Farasi aliyeteleza mara moja akielekea kiunzi atakumbuka utelezi huo kwa muda mrefu. Ufukweni, kule Kigamboni kwa mfano, mchanga ulioloa wakati maji yamekupwa ni mzuri kwa kenta ndefu. Kuruka huko hatukupendekezi: ugumu wa ardhi hubadilika kila baada ya mita chache, na vipande vya matumbawe hujificha chini.

Miti inunuliwe kwa wauza mbao: mirunda iliyonyooka, urefu wa mita 3 hadi 3.5, unene wa sentimita 8 hadi 10, imeparuliwa magome na kupigwa msasa hadi isibaki hata kibanzi kimoja. Unahitaji kumi na miwili kwa mazoezi yote yaliyo hapa. Mabomba ya plastiki yanavutia kwa wepesi wake, lakini jua huyapinda, yakipasuka hutoa ncha kali, na farasi hujifunza haraka kwamba kuyagonga hakuna gharama. Mti wa duara ukiwa chini hubiringika chini ya ukwato na huweza kumvunja farasi mguu. Uzuie kila upande kwa kiroba kidogo cha mchanga.

Rangi ina maana. Macho ya farasi hutofautisha vizuri buluu na njano, lakini nyekundu, chungwa na kijani humjia kama rangi zinazofanana. Mti mwekundu juu ya majani unaouona wewe vizuri, yeye huenda asiuone. Paka nyeupe na buluu, au nyeupe na njano, kwa mapande ya nusu mita.

Vibebeo vya mti viwe vifupi na vyenye kina kidogo, ili mti ukiguswa uanguke. Usifunge mti kwa kamba au waya, kamwe. Kibebeo kisicho na mti kiondolewe kwenye nguzo, maana ni chuma kinachosubiri goti la mtu. Kila kiunzi kilicho wima kiwe na mti wa ardhini sentimita 15 hadi 30 mbele yake, upande anaotokea farasi. Farasi hukadiria mahali pa kuondokea kwa kutazama mstari wa chini. Mti huo ukiwa nyuma ya kiunzi, unamdanganya, ataondoka akiwa amekaribia mno na kukigonga.

Mwisho, tafuta futi kamba ya mita 30. Kukisia kwa macho ndiko kunakoharibu mazoezi mengi mazuri. Baadaye jizoeze kutembea hatua za sentimita 90, kwa sababu nne kati yake ni sawa na hatua moja ya kenta ya farasi mkubwa, takriban mita 3.6.

Wewe juu ya tandiko

Kofia iwe ya kupandia farasi, yenye alama ya kiwango kama ASTM F1163 au PAS 015 ndani yake. Kofia ya bodaboda haifai: ni nzito, inaziba shingo kwa nyuma, na haikutengenezwa kwa anguko la aina hii. Iliyopata pigo moja kubwa ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa. Buti ziwe na kisigino cha sentimita mbili hivi, na kikuku (chuma cha kukanyagia kando ya tandiko) kiwe kipana kuliko buti kwa sentimita mbili, ili mguu uchomoke ukianguka. Usiruke peke yako uwanjani. Saisi (mtunza farasi) au mwenzako awe pale, simu ikiwa na chaji, na wote mjue hospitali ya karibu na njia ya kufika kwa saa hiyo ya foleni. Aliyeanguka akilalamika shingo au mgongo asiinuliwe wala kupakiwa kwenye bajaji. Asubiri gari la wagonjwa pale alipo.

Tumia pia kifaa ambacho wengi hukidharau: mkanda wa shingo. Mkanda wowote wa ngozi, hata ule wa zamani wa kikuku, ufungwe shingoni mwa farasi, theluthi moja ya urefu wa shingo kutoka mabegani. Hatua mbili kabla ya kiunzi, ingiza kidole chini yake. Hata farasi akiruka juu kuliko ulivyotegemea, mkono wako utavuta mkanda na kinywa chake kitasalimika. Kwa maoni yetu hakuna kifaa kinachorudisha imani ya farasi kwa haraka kama hiki, nacho ni karibu bure.

Fupisha vikuku kwa matundu mawili au matatu kuliko unavyopanda siku za kawaida. Uzito ushuke visiginoni, magoti yasibane, kifua kiegemee mbele kidogo kutoka nyonga. Zamani wapandaji walirudi nyuma na kuvuta farasi aliporuka. Federico Caprilli, afisa wa farasi wa jeshi la Italia aliyefariki mwaka 1907, ndiye aliyethibitisha kwamba farasi akiachiwa shingo na mgongo huruka vizuri na kwa hiari. Hiyo bado ndiyo siri ya farasi mwenye pupa. Anahitaji kuona: mbele kabisa ya paji lake kuna sehemu asiyoiona, na akikikaribia kiunzi lazima abadilishe kimo cha kichwa ili akipime. Anayemfunga kichwa anamfumba macho.

Pumua, na uhesabu kwa sauti. Mchakamchaka ni moja-mbili, moja-mbili. Kenta ni moja-mbili-tatu. Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi, na anayepumua hakakamai. Wengine huimba. Farasi wanaozoea sauti hiyo huweka mwendo wao juu yake.

Mazoezi, kwa mpangilio

Anza kila siku kwa dakika 15 za kupasha mwili: dakika tano za kutembea kwa hatamu ndefu, kisha mchakamchaka na kenta kwenye duara la mita 20, pande zote mbili. Usihamie zoezi linalofuata mpaka hili lililopo limekuwa halina jipya tena. Farasi akianza kuliona la kawaida, hapo ndipo amejifunza.

*Zoezi la 1: mti mmoja, kwa kutembea.* Laza mti mmoja katikati ya uwanja. Uvuke kwa kutembea kutoka kila upande, hatamu zikiwa ndefu. Baada ya kuvuka, mara nyingine simama, mara nyingine geuka kulia, mara nyingine endelea. Kusudi ni aache kudhani kwamba mti una maana ya kukimbia. Farasi mwenye pupa nyingi anaweza kukaa hapa wiki nzima, na wiki hiyo haijapotea.

*Zoezi la 2: miti ya mchakamchaka.* Laza mitatu, halafu minne, kwa umbali wa mita 1.3. Farasi mdogo, chini ya sentimita 148 mabegani, apewe mita 1.1 hadi 1.2. Kamwe usilaze miwili peke yake, kwa sababu farasi kijana huona kitu kimoja kipana na kujaribu kukiruka chote. Sikiliza sauti za kwato. Zikigonga mti mara kwa mara, umbali si sahihi kwa hatua yake: akigonga kwa mguu wa mbele akiwa anajinyoosha, punguza sentimita 5 hadi 10, akionekana kujibana, ongeza. Usimsukume kwa miguu ili aufikie umbali uliouweka wewe.

*Zoezi la 3: msalaba na mti wa kuelekeza.* Baada ya mti wa mwisho wa mchakamchaka, ambao ndio mti wa kuelekeza, pima mita 2.4 na usimamishe miti miwili iliyopishana, katikati ikiwa na kimo cha sentimita 40. Msalaba humvuta farasi katikati bila wewe kufanya lolote. Umbali wa mita 2.4 nao humweka mahali pazuri pa kuondokea kila mara, na farasi ambaye kila mara ameondoka mahali pazuri huanza kuamini kwamba kuruka ni jambo jepesi. Kazi yako ni tatu tu: njia iliyonyooka, mwendo usiobadilika, kidole kwenye mkanda wa shingo.

Hapa ndipo pupa huibuka kwa mara ya kwanza. Atavuka miti vizuri, aruke, kisha akitua aondoke kwa kasi. Usigombane naye. Laza mti mwingine upande wa kutua, mita 2.8 hadi 3 kutoka kwenye msalaba. Atatazama chini, atainua mgongo, na hatua yake ya kwanza baada ya kutua itafupika yenyewe. Baada ya mti huo elekea duara la mita 20 na ukae humo hadi kenta itulie, kisha mchakamchaka, kisha kutembea. Marudio matano au sita ya namna hii yanatosha kwa siku.

*Zoezi la 4: mstari wa viunzi vitatu.* Hili ndilo moyo wa kazi yote, na tungependa ulipe wiki tatu hadi nne. Lijenge kipande kwa kipande, siku ileile, kwa utaratibu huu:

1. Miti mitatu ya mchakamchaka, kisha mita 2.4, kisha msalaba wa sentimita 40. Pita mara mbili.
2. Ongeza kiunzi cha pili, msalaba mwingine, mita 5.5 kutoka cha kwanza. Hapo kuna nafasi ya hatua moja ya kenta. Pita mara tatu.
3. Ongeza cha tatu mita 6.2 kutoka cha pili. Kianze kikiwa miti miwili iliyolazwa tu ardhini, kisha msalaba.
4. Yote yakienda kwa utulivu, cha pili kiwe wima sentimita 50, na cha tatu kiwe kipana: mti wa mbele sentimita 50, wa nyuma 55 au 60, nafasi kati yao sentimita 60. Nyuma kuwe na mti mmoja tu unaoanguka kwa urahisi.

Kwa farasi mdogo, punguza: mita 2.1, mita 5, mita 5.6.

Mstari huu humfundisha farasi mwenyewe. Akiingia kwa kasi, anajikuta karibu mno na kiunzi cha pili, na inambidi akae juu ya miguu ya nyuma na kuruka kwa kujikunja. Safari inayofuata anapunguza mwenyewe, bila mtu kumvuta. Wewe ukae kimya, macho yatazame kitu kilicho mbali baada ya kiunzi cha mwisho, paa la banda au mnazi. Ukivuta hatamu katikati ya mstari unampokonya somo hilo.

Saisi asimame pembeni na kuangalia mambo mawili: kwato za mbele zinatua wapi baada ya kila kiunzi, na kama magoti yanakunjwa sawasawa. Kwato zikitua kila mara karibu mno na kiunzi kinachofuata, umbali uongezwe kwa sentimita 20. Mpandaji hawezi kuyaona hayo akiwa juu.

*Zoezi la 5: kuhesabu kenta.* Laza miti miwili chini, mita 18 kati yao. Ivuke kwa kenta na uhesabu hatua. Farasi mkubwa akiwa na mwendo wa kawaida ataweka nne. Mwenye pupa huenda akaweka tatu na nusu na kujikwaa. Mwache ajikwae, ni mti tu. Ukipata nne mara kadhaa, tafuta tano: kaa wima zaidi, punguza mwendo wako wa kiuno, fungua na kufunga vidole kwenye hatamu badala ya kuzikaza moja kwa moja. Ukiweza kuchagua nne au tano kwa kutaka kwako, tayari una breki uliyoihitaji, na woga wako mwenyewe utapungua sana. Tusingemruhusu yeyote afike kwenye kiunzi kwa kenta kabla ya kulimudu zoezi hili.

*Zoezi la 6: kiunzi kimoja kutoka kwenye duara.* Kiunzi wima cha sentimita 50, pembeni mwa duara la mita 20. Zunguka kwa kenta mpaka mwendo uwe uleule mizunguko miwili mfululizo, ndipo ukikaribie kiunzi. Ukihisi ameanza kujaza kasi, endelea na duara bila kuruka. Lakini uamuzi huo ufanywe ukiwa bado mita 10 au zaidi. Ukimgeuza akiwa hatua moja kutoka kwenye kiunzi unamfundisha kutoroka, na atakutorokea siku usiyotaka.

Baada ya hapo unganisha: kiunzi, duara, mti wa ardhini, kiunzi kingine. Mistari ya viunzi viwili ipimwe kwa mita 17 hadi 18 kwa hatua nne. Kimo kiongezwe kwa tundu moja tu la nguzo baada ya wiki mbili za utulivu, na kila siku imalizike kwa kiunzi kidogo kuliko kikubwa cha siku hiyo.

Yanayoharibika, na sababu zake

Akikimbilia kiunzi hata baada ya mazoezi haya, rudi zoezi la 3 na mti wake wa kuelekeza, kisha chunguza upya mgongo na kinywa. Kuongeza kimo ili "apate heshima" ni ushauri unaosikika sana, na ni mbaya: farasi mwenye wasiwasi akigonga kiunzi kirefu huwa na sababu mpya ya kukimbia.

Akikwepa upande wa kushoto, msimamishe, mgeuze kulia, umrudishe kwa mwendo wa polepole zaidi. Ukimwacha amalize mzunguko wa kushoto, amepata alichotaka. Egemeza miti miwili juu ya kiunzi, mmoja kila upande, itengeneze njia inayobana kadiri anavyokaribia. Chunguza pia mkono wako. Wengi hukwepea upande ambao hatamu imelegea.

Akigoma, shusha kiunzi hadi sentimita 30 hapohapo, umvushe hata kwa mchakamchaka, umsifu, uendelee na jambo jingine. Kiboko baada ya kugoma humfundisha kwamba kiunzi na maumivu ni kitu kimoja. Farasi ambaye hajawahi kugoma na leo amegoma mara tatu amechoka, anaumwa, au haoni. Mshuke, mkague miguu kwa mkono, na siku hiyo iishe.

Akigonga miti akiwa ametulia, mara nyingi amechoka au ardhi ni nzito. Akiigonga akiwa na kasi, anaruka akiwa bapa, na mstari wa zoezi la 4 ndio tiba yake. Akiruka juu kupita kiasi na kukurusha kwenye tandiko, shika nywele za shingo na usikae mapema. Uzito wako ukimwangukia mgongoni kabla hajatua, atajifunza kuukimbia mgongo wake mwenyewe.

Na ukiogopa wewe, sema. Mwambie saisi ashushe. Anayepanda farasi kijana huku amejikaza kuficha woga huuhamisha wote kupitia magoti na mikono.

Kumpeleka mahali pengine

Farasi aliyetulia nyumbani huweza kuwa mwingine kabisa kwenye uwanja mgeni, penye mahema, spika na watoto. Safari ya kwanza asiruke chochote. Mshushe mapema asubuhi kabla jua halijapasha gari la kubebea, mtembeze kwa mkono nusu saa, mpe majani na maji aliyoyazoea. Beba maji ya nyumbani kwenye madumu kwa sababu wengi hukataa ladha ya maji mageni. Kisha mpande kwa kutembea na mchakamchaka, umrudishe.

Safari ya pili beba miti mitatu yako mwenyewe, ile anayoijua rangi yake, na ufanye mazoezi ya 2 na 3 tu. Safari ya tatu aruke viunzi vya pale, kimo kikiwa sentimita 20 chini ya anachoruka nyumbani. Katika uwanja wa kupashia, mirusho sita inatosha: miwili ya msalaba, miwili ya wima, miwili ya kiunzi kipana, halafu atembee mpaka aitwe. Akiingia uwanjani, muonyeshe viunzi kwa kupita karibu navyo kwa mchakamchaka kabla kengele haijalia. Kengele ikilia, fanya duara moja la mita 20, hesabu kwa sauti, na usielekee kiunzi cha kwanza mpaka mapigo matatu ya kenta yawe sawa.